Sisi Tunalea, Wao Wanaoa

Jumatatu, 1 Julai

Jana tumechapwa tena kwenye besiboli. Kumi na moja kwa mbili, nyumbani kwetu, mbele ya watoto. Waliotuchapa ni Mabaroni wa New York. Nani wengine? Waliopiga mipira ikapita ukuta walikuwa watatu, na wote watatu niliwapigia makofi mimi mwenyewe zamani walipokuwa wetu. Walikuja wembamba, hawajui hata kushika gongo. Tukawavumilia. Wakanenepa, wakanunuliwa. Sisi tunalea, wao wanaoa.

Leo redioni kahojiwa Bwana Crandall, mwenye timu yetu. Kasema Nyundo wa Port Harlan "tunajenga." Tunajenga! Tangu nikiwa na nywele tunajenga. Nyumba gani hii isiyofika kwenye lenta? Kila tukipandisha ukuta, yeye anauza matofali. Mtangazaji akamkumbusha kwamba Mabaroni wanamlipa mchezaji mmoja mshahara unaotosha timu yetu nzima, na mkata nyasi juu. Crandall akacheka. Sikukipenda kicheko kile. Kicheko cha mtu aliyekwisha kula kwa jirani.

Amebaki mmoja tu wa maana. Yunior Peguero, mrushaji, mkono wa kushoto, kijana wa Jamhuri ya Dominika. Akiachia mpira, mpigaji anabaki anapiga upepo. Na mwisho wa mwezi huu ndiyo siku ya mwisho ya kuuziana wachezaji. Pua yangu imeshaanza kuwasha.

Jambo la pili. Jirani mpya, Bwana Prescott Haines, asubuhi alikuwa anapunguza ua wake wa miti, kichwani kofia ya Mabaroni. Mchana kweupe! Siku moja baada ya msiba! Alihamia hapa Aprili akitokea New York. Nauliza: nani anatoka New York kuja Port Harlan, Ohio? Watu wanatoka hapa. Haji mtu, ila aliyetumwa. Bernadine, mke wangu, anasema mzee wa watu alifiwa na mkewe, na mkewe alizaliwa mtaa huu huu. Haya. Jasusi angesema nini kingine?

Jumanne, 2 Julai

Simu imelia dukani. Mtu kajifungia nje ya nyumba yake, Kiingereza cha kuokoteza, chungu kiko motoni. Mimi ndiye fundi kufuli wa mji huu, sina hiari. Nikaenda nikinung'unika. Mlangoni nani? Peguero! Kandambili miguuni, mwiko mkononi, moshi unatoka chini ya mlango.

Nilifungua kabla hajamaliza kujiombea. Ningefungua mapema zaidi, ila kwanza nilisimama kuutazama ule mkono wa kushoto. Wali ulikuwa umeshashika chini. Yeye akacheka tu, akanikwangulia ukoko, akasema kwao huo ndio wenyewe hasa, watu hugombana kwa ajili yake. Kweli ulikuwa mtamu.

Lakini mdomo ulikula, macho yalifanya kazi. Sebuleni mapipa! Mapipa makubwa ya buluu, yamejaa, yamefungwa kwa utepe wa gundi. Nikauliza ya nini. Akasema familia, familia. Nguo, mafuta ya kupikia, glovu za watoto wa mtaani kwao. Hutuma kila mwaka. Huenda. Lakini anayejua kufunga pipa anajua kufunga safari.

Nilikataa malipo. Nikamuuliza kama anaondoka. Akainua mabega. Bega lile la kushoto ndilo tegemeo la mji mzima, naye analiinua hivi hivi!

Wazo likanijia njiani. Mchezaji anaondoka kwa sababu hana kinachomshika. Nyumba ya kupanga, sufuria moja, basi. Mwenye mke anaweza kuhama. Mwenye wakwe hahami, maana kila Jumapili anasubiriwa mezani. Na mimi ninaye Corinne, mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea mwenyewe tangu alipokuwa darasa la tatu. Mzuri wa sura, ana akili kunizidi, yuko kliniki ya meno, hana mchumba. Nimemwalika Peguero keshokutwa, sikukuu ya uhuru. Kakubali! Kimya kabisa sasa. Kuta zina masikio, na ua wa miti una Haines.

Alhamisi, 4 Julai

Soseji juu ya mkaa, uani. Bernadine alipika pierogi, sambusa za kuchemsha za viazi na jibini, zile za mama yake, zinazomfanya hata adui akunje mikono ya shati. Nilivaa tai. Corinne akafika na bakuli la saladi. Akaniangalia mimi, akamwangalia Peguero, akaangalia viti viwili nilivyovisogeza hadi vikagusana. Akaniita kando.

"Mjomba, tai ya nini kwenye nyama choma?"

Nikasema ni ya uhuru.

"Uhuru wa nani?"

Kisha akaniambia kwamba yeye si chambo. Nikamwambia hakuna mtu aliyetaja samaki.

Pamoja na hayo, mambo yalikwenda! Peguero alikula mpaka Bernadine akaanza kuimba. Alimwonyesha Corinne jinsi ya kushika mpira kwa vidole viwili. Corinne akamwonyesha jinsi ya kuushika mswaki. Watu wa ajabu. Baadaye nilimsikia Corinne akimnong'oneza Bernadine kwamba kijana ana meno mazuri sana. Kwa mtu wa kliniki ya meno, hiyo ni posa.

Ndipo akaingia Haines na chupa ya asali. Nani kamwalika? Mke wangu! Nalala na msaliti. Akakaa karibu na Peguero, akafungua kinywa, na Kihispania kikamwagika kama bomba limepasuka. Peguero akang'aa kama taa. Nikamuuliza Haines alijifunzia wapi. Akasema alifundisha lugha shuleni maisha yake yote. Jibu limepangwa vizuri mno.

Nilipita pale na sinia la soseji mara nyingi kuliko njaa ya mtu yeyote. Kihispania sikijui, lakini New York ni New York kwa lugha zote. Nilisikia New York. Nilisikia Crandall. Nilipofika na haradali wakanyamaza. Hakuna anayenyamaza kwa ajili ya haradali.

Jumapili, 7 Julai

Tumetoka kanisani, gari la Peguero limesimama mbele ya kwa Haines. Wenyewe wako nyuma, kwenye kibanda. Mlango umefungwa. Kabla haujafungwa niliona karatasi mkononi mwa Haines. Wakakaa huko mpaka supu yetu ikapoa, maana mimi nilikuwa dirishani na Bernadine alikataa kuanza peke yake.

Karatasi, kibanda, kofia ya Mabaroni. Mtoto mdogo angejumlisha. Haines ni mtu wa kuwanunulia Mabaroni wachezaji. Wamempandikiza hapa, mlango wa pili na shabiki mkongwe kuliko wote, ili wapate habari zetu zote. Na mimi nikampelekea bidhaa yenyewe mpaka mezani!

Bernadine akasema, si uende ukamuulize? Nikamwambia mwizi haulizwi, hukamatwa. Akasema supu haina hatia, kula.

Jumatano, 10 Julai

Peguero kwa Haines tena. Nikatoa ngazi na mkasi wa bustani, nikajidai napunguza ua. Upande wangu wa ua haujapunguzwa tangu tulipooana, lakini nani atahoji? Nikapanda. Nikainama. Kidogo tu nisikie.

Sikujua Haines anafuga nyuki nyuma ya ule ua. Mizinga mitatu! Ni nani anayeficha nyuki ila mwenye kitu cha kulinda?

Nimeandika haya kwa jicho moja. Mdomo wa juu umevimba kama tairi. Haines ndiye aliyenishusha ngazini, akaning'olea miiba kwa ukucha, taratibu, akisema pole, pole sana jirani. Ana mikono myepesi. Nimeliweka hilo moyoni, mikono myepesi si ya mwalimu.

Peguero alishika ngazi. Aliuma midomo kweli, asicheke. Nikathamini.

Jumamosi, 13 Julai

Tumeshinda! Peguero alirusha mchezo mzima, wapigaji walirudi kukaa kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Nilipaza sauti mpaka mdomo ukavimba upya.

Halafu nikatazama jukwaa la jamaa za wachezaji. Corinne! Kakaa pale, miwani ya jua, karanga mkononi, kama aliyezaliwa pale. Nilimpungia mkono. Akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Kwa hiyo mpango unafanya kazi. Ningefurahi. Lakini kwa nini kunificha? Nimemlea. Nilimfundisha kuhesabu kwa kutumia mipira iliyotoka nje ya mstari. Sasa ana tiketi asiyoisema. Kila mtu katika mji huu ana jambo ananificha, na yote yanapita kwenye kile kibanda.

Ijumaa, 19 Julai

Magazeti yanasema Mabaroni wanatafuta mrushaji wa mkono wa kushoto. Wanao watano! Tajiri hata akiwa na viatu mia, anaangalia vya maskini.

Kesho Peguero anarusha, saa saba mchana. Asubuhi hupita kwa Haines, nimeshaijua ratiba yao. Nami nimeshajua la kufanya. Nikiwakuta na mkataba mezani, mbele ya mashahidi, Crandall hawezi kumuuza mtu kwa wizi. Itabidi aaibike. Shida ni kwamba mashahidi hawaji haraka na wahalifu hawasubiri. Basi wasubirishwe.

Nimechukua kufuli lililo bora kuliko yote dukani. Lile lenye kibao nilichoandika kwa mkono wangu: HATA MIMI SILIFUNGUI.

Jumamosi, 20 Julai

Andika, Kaz. Andika ulivyoona, watu wasije wakapotosha.

Saa nne wameingia kibandani. Mlango ukafungwa. Nilivuka ua mahali palipo wazi, mbali na nyuki, nikapitisha kufuli kwenye komeo, nikafunga. Haikusikika hata chembe. Nikapiga simu kwa Corinne nikamwambia aje aone mtu wake ni mtu wa namna gani. Nikamwita Bernadine, akatoka na unga mikononi.

Corinne alipofika nikasema tazameni. Nikatia ufunguo. Nikazungusha. Ufunguo ukakatikia ndani.

Mambo hayo huwatokea hata mabingwa.

Wakaanza kugonga kwa ndani. Nikawaambia watulie. Nikaenda kuleta vifaa. Nilijaribu waya, nilijaribu nyundo, nilijaribu patasi. Bawaba ziko kwa ndani. Kufuli halikutikisika! Sitasema uongo, kuna sehemu ya moyo wangu iliyojivunia. Kibao kile ni cha kweli.

Saa tano. Saa sita kasorobo. Bernadine akaita zimamoto bila kuniomba ushauri.

Kibanda kina kidirisha cha wavu, kidogo kama cha kukatia tiketi. Corinne akaenda pale akamuuliza Peguero wanafanya nini humo ndani.

"Shule," akasema Peguero.

"Shule ya nini?"

Akakohoa. Akasimama wima kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Bwana Crandall, mimi napenda mji huu. Mimi nataka kubaki hapa. Pesa kidogo, hakuna shida." Akageuka. "Sawa, mwalimu?"

Sauti ya Haines ikasema ni sawa, ila "mimi" moja ingetosha.

"Jumatatu naenda kumwambia," Peguero akasema. "Mwenyewe. Bila wakala. Na kuna sentensi nyingine. Ya mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Bado. Mwalimu anasema kitenzi bado kibaya."

Corinne akaiva mpaka masikio. Bernadine akanitazama. Mimi nikatazama kufuli.

Kwa nini kibandani, nikauliza, kwa nini si sebuleni kama watu waadilifu? Haines akajibu kupitia wavu kwamba ana paka, na Peguero akiwa karibu na paka hupiga chafya mpaka akavimba macho. New York je? Akasema alikuwa anamsihi asiende. Aliishi kule karibu maisha yake yote na hakuwahi kujua jina la jirani. Na kofia? Ya jua, akasema. Ilikuwa bei rahisi.

Ana jibu la kila kitu. Lisemwe tu.

Zimamoto walikata komeo zima saa saba ikiwa imeshapita. Peguero alikimbia na gari la zimamoto lenyewe, ving'ora juu. Alipofika, kocha alikuwa amemweka kitoto fulani kutoka timu ya akiba, na tulikuwa tumeshafungwa saba. Hawakumruhusu hata kuvaa viatu. Ikaisha kumi na nne kwa moja.

Kwa hiyo Peguero anataka kubaki. Ndicho nilichokuwa nikikipigania siku zote hizi! Hakuna aliyenipongeza.

Jumapili, 21 Julai

Gazetini: PEGUERO ATOWEKA SAA YA MCHEZO. Crandall kamsimamisha mechi tano, anasema kijana hana nidhamu, anasema inamuuma moyo, anasema klabu itatafakari mustakabali wake. Neno hilo mustakabali. Halitajwi ila mtu anapofungiwa virago.

Waandishi walimuuliza Peguero alikuwa wapi. Akasema kufuli liliharibika. Kufuli la nani? La mlango, akasema. Hakunitaja.

Nimekaa na hilo mchana kutwa. Kwa nini anilinde? Nimemkosesha mchezo, nimemfungia na nyuki wakivuma nje. Mtu hakulindi bure. Nikamuuliza Bernadine, kijana huyu anataka nini kwangu? Bernadine aliweka chini kitambaa alichokuwa anakunja. Akasema, "Anataka mpwa wako, Kaz. Na wewe ndiye baba aliyebaki." Kisha akaendelea kukunja.

Sikula pierogi. Nikazirudisha jikoni.

Jumanne, 23 Julai

Nimefanya jambo ambalo sijawahi. Nimevaa ile tai, nimekwenda ofisi za Nyundo kumwambia Crandall ukweli. Kwamba ni mimi. Kwamba kijana ana nidhamu kuliko saa ya kanisa. Njia nzima nilijizoeza, na "mimi" niliziweka chache.

Msichana wa mapokezi, mpole, alisema Bwana Crandall hayupo. Peguero naye alikuja jana na karatasi yake akaondoka vilevile. Yuko wapi bosi? New York, akasema. Tangu lini? Tangu Alhamisi, mikutano na Mabaroni. Halafu akashika mdomo, kama aliyeangusha sahani.

Alhamisi! Kufuli nilifunga Jumamosi!

Nilirudi nyumbani nikipiga mbinja. Si mimi! Kabla sijagusa ufunguo, Crandall alishakuwa mezani na Mabaroni, anamkata mtu wetu vipande. Ile adhabu ni kisingizio, akitaka kumla kuku husema kuku mwizi. Nikamsimulia Bernadine. Nilimwambia: siku zote nilisema kuna msaliti anayewapigia Mabaroni simu, sikusema? Akakubali kwamba nilisema. Akaniuliza ni nani niliyekuwa nikimchunguza siku zote hizo. Nikasema hilo ni jambo dogo.

Baadaye furaha ikaniishia. Kwamba si mimi hakumbakizi mtu.

Jumanne, 30 Julai

Wamemuuza. Redio ilitangaza nikiwa nachonga ufunguo wa mteja, nikauchonga ukawa uzi.

Tumepewa nini? Vijana wawili ambao hawajaanza kunyoa vizuri, na "mchezaji atakayetajwa baadaye." Tumetoa Peguero tukapewa mtu ambaye hata jina hana! Ningefanya biashara hivyo dukani, mteja aniletee mlango nami nimwambie ufunguo utatajwa baadaye, ningekuwa jela.

Crandall kasema tunajenga.

Peguero alipita dukani jioni kuaga. Kiingereza chake sasa kimenyooka, Haines kafanya kazi. Nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba nasikitika kwa kufuli. Neno lilitoka kwa shida, kama msumari wenye kutu. Akasema, "Mzee Kaz, kufuli zuri sana. Mama yangu anataka moja." Nikamfungia jipya kwenye karatasi kwa ajili ya mama yake. Ufunguo nikautia bahasha mbili.

Jumapili, 4 Agosti

Corinne amekuja baada ya misa. Hakuweka hata mkoba chini. Nikajua.

Kitenzi kimenyooka, akasema. Peguero alimwambia ile sentensi juzi kwa simu, yote, bila kosa, naye akajibu ndiyo kwa Kihispania, na makosa. Anakwenda New York mwisho wa wiki. Kliniki za meno ziko hata huko. Harusi ni baada ya msimu, hapa hapa, ukumbi wa parokia, na pierogi.

Nikasema New York ni mji wa wezi. Nikasema vyumba ni vidogo. Nikasema Mabaroni watamtumia miaka miwili kisha watamtupa, atabaki na watu wasiojua jina lake. Nikasema wanachukua kila kitu, Corinne, kila kitu tunachokikuza wanakuja na mfuko wa pesa wanachukua, na sisi tunabaki tunapiga makofi.

Aliniacha nimalize. Kisha akauliza taratibu, "Mjomba, uliyetaka asiondoke alikuwa nani?"

Swali gani hilo. Nilikwenda stoo. Nilitafuta kitu huko stoo kwa muda. Nilirudi na kitasa cha chuma, pini sita, cha mlango wa mbele, na bisibisi. Nikamwonyesha jinsi ya kukikaza. Alikuwa anajua, nilimfundisha akiwa na miaka tisa, lakini aliniacha nionyeshe mpaka mwisho. Akanibusu kipara. Bernadine alilia kwa wote, kwa hiyo mimi sikuhitajika.

Haines alileta asali ya safari. Alisimama mlangoni akasema nyumba itakuwa kimya sasa, na kwamba akipika huwa anapika kingi. Nikasema tutaona. Hakuwa na kofia. Kwa nini leo asiwe nayo?

Jumatano, 14 Agosti

Ukweli usemwe, mmoja wa wale vijana wawili anapiga! Dale Oberholt, wa Nebraska, shingo kama kisiki. Jana alipiga mpira ukapita ukuta, ukapita maegesho, ukavunja kioo cha gari la Crandall. Uwanja mzima tulisimama. Nimezaliwa upya.

Lakini nina akili sasa. Wanafikiri sijajifunza? Nimejifunza. Kosa langu mara ya kwanza lilikuwa mke. Mke anahamishika! Mke ana miguu, ana masanduku, ana akili yake. Mtu anatakiwa ashikwe na kitu kisichoingia kwenye ghorofa za New York.

Mbwa.

Nimempata mmoja kwa mfugaji nje ya mji, wa aina ile ya milimani, manyoya mengi, bado mtoto na tayari anafika kiunoni pangu. Akikua atajaza mlango. Wapi New York utamweka mnyama huyu? Atakula lifti! Nimemwambia Bernadine ni zawadi tu ya kumkaribisha kijana mjini. Akaenda kumwita Haines aje amwone mbwa, eti wacheke wawili.

Dale alikuja saa kumi. Mapenzi ya papo hapo! Walibingirishana uani kama ndugu waliopotezana. Mbwa kala soseji zote, kala na kamba ya ngazi. Dale alikuwa na machozi machoni, akasema hajawahi kupewa kitu kizuri hivi tangu atoke kwao, akasema Port Harlan ni mji wa watu wema. Nilikaa kwenye kiti nikatazama kazi ya mikono yangu.

Akamfunga mbwa mkanda. Alipofika getini akageuka, akaniuliza kama najua, hivi hivi tu, iwapo huko New York wanaruhusu mbwa wakubwa.

Kwa nini aulize?